Mgonga Mawe wa Matinyani

Wifi yangu Nzilani alipoolewa kwetu Matinyani mwaka wa 1966, alitoka milima ya Kilungu na kiondo kimoja, na ndani ya kiondo mlikuwa na jiwe. Jiwe jeupe la ukubwa wa ngumi, lile ambalo watoto wa shule hufundishwa kuliita kwatzi na sisi wengine tunalijua kwa kulikanyaga. Nilicheka mpaka mama akanikanya. Mawe meupe yamejaa Kitui nzima. Nani huyabeba kutoka milimani?

Sikucheka kwa muda mrefu. Jiwe la kusagia likitumika miezi kadhaa huwa laini, mtama unateleza juu yake na unga hautoki. Lazima uso wake ugongwegongwe upya ili ukwaruze, na chuma hakifai kazi hiyo, ncha yake huisha upesi. Nzilani aligonga kwa lile jiwe lake jeupe. Alikuwa akifumba macho nusu kwa sababu ya vipande vinavyoruka, anainamisha sikio. "Hapa pamekufa," angesema, akigusa mahali ambapo mimi sikuona chochote. Maana yake ndani mna ufa, na sauti yake ni nyingine. Wanawake walianza kumletea mawe yao kutoka vijiji vya mbali. Alikuwa mkimya mno. Mimi, ambaye sijawahi kunyamaza maishani, niliamua kwamba ana kiburi, na nikashikilia uamuzi huo miaka kumi na minane.

Ukaja mwaka wa 1984, ule wa mahindi ya manjano ya msaada. Hata mchanga wa mtoni ulikauka, tukawa tunaenda mwendo wa saa tatu kutafuta maji ya matope. Kikundi chetu cha mwethya, cha kusaidiana kazi, wanawake ishirini na wanaume wachache, kiliamua kuchimba kisima. Fundi alikuwa Jonah, mzee wa kanisa letu, mtu mwema mwenye ubishi wa punda. Wa kushuka chini alikuwa Kivuva, kaka yangu, mume wa Nzilani, kwa sababu alikuwa na mabega na hakujua kukataa.

Futi ya arobaini tukakutana na mwamba wa lile jiwe jeupe, umelala kutoka ukuta mmoja wa kisima hadi mwingine. Patasi tatu ziliisha makali kwa siku moja. Jonah akasema tufanye kama baba zetu walivyofanya shambani: uwashwe moto juu ya mwamba usiku kucha, asubuhi umwagiwe maji baridi, utapasuka wenyewe. Ni kweli, shambani hupasuka. Lakini shambani kuna upepo.

Asubuhi tulimwaga debe la maji ambayo tungeweza kunywa. Mvuke ulipanda, ukaisha. Jonah akateremsha taa kwa kamba, kama ilivyo desturi ya wachimbaji: taa ikizimika, hewa ni mbaya na hakuna anayeshuka. Taa iliwaka vizuri kabisa. Hatukujua wakati huo, wala Jonah hakujua, kwamba makaa yanayofuka yana sumu inayoua mtu na kuiacha taa ikiwaka. Kivuva akakaa kwenye kitanzi, tukamshusha. Alipofika chini alijitoa kwenye kamba, kama siku zote, ili apate nafasi ya kurusha nyundo.

Nzilani alikuwa nyuma yangu kwenye kamba. Nyundo ikaanza kulia, kwa mwendo wa Kivuva tunaoujua: mapigo mawili, pumzi, mapigo mawili. Sijui muda gani ulipita. Nikasikia wifi yangu ameacha kupumua shingoni mwangu.

"Mtoeni," alisema.

Jonah akageuka. "Nani?"

"Baba Kasyoka," akasema, akimtaja mumewe kwa jina la mtoto wao, kama mke anavyopaswa. "Mtoeni sasa."

"Mwaitu, mama, hata nusu saa haijaisha. Si unaona taa inawaka?"

"Mimi siangalii taa. Nasikia nyundo. Anagonga mahali penye hakuna kitu."

"Amechoka tu. Wacha amalize."

Nzilani hakubishana naye. Alienda ukingoni, akapiga magoti. "Baba Kasyoka, ingia kwa kamba."

"Ngoja kidogo," sauti ikajibu.

"Ingia sasa."

"Ngoja kidogo." Maneno yale yale, polepole, kama mtu anayeamshwa asubuhi. Alipomwita mara ya tatu, Kivuva alicheka. Kaka yangu si mtu wa kucheka kazini. Hapo nikaelewa. Jonah naye alielewa, akaanza kuvua koti ili ashuke. Nzilani akamshika mkono. "Ukishuka watakuwa wawili."

Kisha mwanamke yule mkimya akainama tena juu ya shimo, akamwita mume wake kwa jina mbele ya watu wote.

"Kivuva. Unajua kwa nini hiyo mwamba imekushinda? Ni kwa sababu mama yako alikuwa mvivu. Hakuwahi kulima shamba akamaliza. Hata ugali yake ilikuwa mbichi, na ni wewe uliniambia."

Mama yetu alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia. Wanawake walishika midomo. Kama mikono yangu isingekuwa kwenye kamba, ningempiga kofi, Mungu anisamehe.

Nyundo ilinyamaza. Nilihesabu mpaka tisa.

"Umesema nini?" sauti ikatoka chini.

"Nimesema alikuwa mvivu. Ingia kwa kamba ukuje unipige."

Kamba ikatikisika. Ikalegea. Ikatikisika tena, halafu ikawa nzito, na Nzilani akasema, "Vuteni," bila kupaza sauti.

Alifika juu kitanzi kikiwa kimepita kichwa na mkono mmoja tu. Macho yalikuwa wazi, hayaoni. Tulimlaza upande, akatapika, akalala, akatapika tena, na jua lilikuwa limegeuka alipotambua mahali alipo. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama hakuwa mvivu."

"Hakuwa," Nzilani akasema. Akaenda nyuma ya rundo la udongo tuliouchimba, akalia kwa sauti. Nilimfuata. Nilimwomba msamaha wa miaka yote kumi na minane, naye hakujua namwomba msamaha wa nini.

Siku nne hakuna aliyegusa kamba. Siku ya tano Nzilani alikuja na jiwe lake amelifunga kwenye leso, na mtaimbo mfupi begani. Jonah akasema mwanamke hajawahi kushuka kisimani. Nzilani akauliza ni mwanamume yupi anashuka leo. Wanaume wakaangalia viatu vyao, na wengine hawakuwa na viatu.

Moto haungewashwa tena, na makaa ya mwanzo yalikuwa yamezimika kabisa. Hata hivyo Kivuva aliishika kamba yeye mwenyewe. Alitoa masharti mawili: asijitoe kwenye kamba, na aimbe. "Mimi sina sikio kama yako," alimwambia. "Nikikosa sauti yako, navuta."

Nzilani akashuka akiimba nyimbo za kanisani. Katikati ya beti tulisikia jiwe likigonga jiwe, taratibu, akitafuta. Nyimbo alizozijua ziliisha. Akaimba za watoto wa Sunday school. Hizo nazo zikaisha, akaanza kuimba juu ya ubishi wa Jonah na mdomo wangu, watu wakacheka. Kivuva hakucheka. Alikuwa ameizungusha kamba kiganjani mara mbili na jasho lilimtoka hadi kidevuni.

"Hapa pamekufa," tukasikia. Akaendelea kuimba, huku mtaimbo ukipiga kwa nguvu sasa, mahali pamoja. Kisha wimbo ukakatika katikati ya neno.

Kivuva hakuita wala hakusubiri. Alivuta, na sisi sote tukavuta naye, mikono ikichunika, yeye akisema jina lake tena na tena bila haya yoyote. Nzilani alitokea juu akizunguka na kujigonga ukutani, amelowa mpaka kiunoni, mashavu yamejaa na midomo ameifunga. Kivuva alimkumbatia akiwa bado ananing'inia.

Nzilani akameza. "Nani amekuambia uvute?" akamuuliza. "Nilikuwa nakunywa."