Mstari Mmoja Kiganjani

Nilipokuwa mtoto, kwetu Kasikeu, kichanga hakikutazamwa uso kwanza. Uso, alisema Susu, ni wa kufurahisha wageni. Kwanza mikono. Susu ndiye nyanya yangu, mama yake baba. Alikuwa akiifungua ile ngumi ndogo kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayeambua kunde mbichi, kisha akapaka kiganja mafuta ya mbono na masizi kidogo ya chungu, akapangusa. Masizi yalibaki kwenye mistari tu. Hapo akasoma, au akadai anasoma.

Kichekesho ni kwamba yeye mwenyewe alama za vidole hakuwa nazo. Alikuwa amesokota kamba za katani pajani tangu usichana, akisuka vikapu vya kiondo, na ncha za vidole zilikuwa zimelainika kama kokoto za mtoni. Baadaye, wanawake walipoanza kuandikiwa vitambulisho, karani alimchovya wino na kumgandamiza kwenye karatasi, akapata doa tupu. Akarudia. Doa.

"Mama, wewe ni mzimu?" karani akauliza.

"Mzimu angepanga foleni yako hii?"

Ndugu yangu Mutua alizaliwa wakati mimi naanza kung'oka meno. Nilikuwa nimeshika kile kikopo cha masizi Susu alipomfungua ngumi ya kulia, kisha ya kushoto, kisha akarudi tena kulia. Kiganjani, mahali ambapo wengine wana mistari miwili, Mutua alikuwa na mmoja tu, umekatiza upande hadi upande kama njia ya ng'ombe. Mikono yote miwili. Susu akatazama na nyayo, akapima kwa jicho pengo kati ya kidole gumba na cha pili.

Baba, mzee wa kanisa, alikuwa mlangoni. "Mama, nyumba hii imeokoka. Hatupigi ramli."

"Nani anapiga ramli? Natazama mjukuu wangu. Hata wewe nilikutazama, na ukaokoka vilevile."

Kisha akamwambia mama, sauti imeshuka: "Mikono kama hii nimeishika kabla ya leo. Huyu asikimbizwe. Kifua chake hakitabeba. Na usimzoee sana, mwanangu. Hawafiki kubadili meno."

Mama alimvuta Mutua kifuani na kugeukia ukuta.

Mimi nilikwenda nyuma ya jikoni kunawa. Masizi yalikuwa yamenijaa mikononi, na nilipopangusa kiganja cha kushoto niliuona. Mstari mmoja. Upande hadi upande.

Sijui kama mtu mzima anaweza kukumbuka woga wa mtoto kwa ukubwa wake halisi. Nilikuwa nimeshang'oka meno mawili, nikajiuliza kama hukumu inangoja yaishe yote. Jino la tatu lilipolegea nilitafunia upande mwingine, nikalibembeleza likae. Mkono wa kushoto niliufumba. Nilisali nimeufumba, nikalala nimeufumba. Mwalimu alidhani nimeiba chaki.

Mutua alikawia kukaa, akakawia kusimama. Akinyonya alitokwa jasho na kuhema kama mbuzi aliyepandishwa mlima. Kanisani walimwombea. Baba alisema ni uvivu wa kuzaliwa, akaanza kumshika makwapa na kumtembeza uani, twende, twende mwanaume, mpaka siku mtoto alipolegea mikononi mwake kama nguo iliyoloa. Kesho yake alfajiri tulikuwa barabarani kwenda hospitali ya misheni: baba, mama, Mutua mgongoni, na mimi wa kubeba uji.

Daktari alikuwa kijana aliyevaa koti jeupe lenye kitufe kimoja. Nilingoja aguse kifua. Hakugusa kifua. Alichukua ngumi ya Mutua na kuifungua kwa kidole gumba, taratibu, akatazama. Kisha ya pili. Kisha akamvua soksi na kutazama pengo la kidole gumba cha mguu.

Nikaikaza ngumi yangu ya kushoto.

"Daktari," baba akasema, karibu kwa kunong'ona, "hata wewe?"

Daktari hakuelewa. Ndipo akasikiliza moyo, kwa muda mrefu. Una tundu, alisema. Dogo. Mengine huziba yenyewe mtoto akikua. Watoto wenye mikono na nyayo hizi huzaliwa tofauti, wengi na moyo kama huu; atajifunza polepole. Kwa sasa msimchoshe.

Mimi nikaweka uji chini, nikafungua mkono wangu mbele ya uso wake. "Na mimi nitakufa lini?"

Hakucheka; namshukuru mpaka leo. Aliushika, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Mstari huu uko kwa watu wengi wazima, wanazeeka nao," alisema. "Peke yake hausemi kitu. Ulichorwa ukiwa tumboni, kabla mama yako hajasikia teke lako la kwanza."

Jino la tatu lilitoka siku hiyohiyo, kwa muwa.

Nyumbani Susu alikuwa uani na katani yake. "Alitazama wapi kwanza?" akamuuliza baba.

Baba alivua kofia, akaipangusa vumbi ambalo halikuwapo. "Mkono."

"Basi ana macho," Susu akasema, akaendelea kusokota.

Miaka ikapita, na jioni moja Mutua alimjia Susu akikimbia, ndiyo, akikimbia, akamkabidhi jino lake la kwanza lililong'oka, lina damu bado. Susu aliligeuza kiganjani. Kisha akacheka hata akakaa chini, machozi yanamtoka. "Nimekosea!" alimwita mama. "Njoo uone, nimekosea!" Sijawahi kumwona mtu aliyefurahia kosa lake namna ile. Jino walilirusha juu ya paa pamoja.

Chuo kikuu nilisoma habari za ngozi hii ya viganja, namna matuta yake yanavyojipanga gizani tumboni mapema vile, na bado sijaacha kushangaa. Watu huniambia wazee wetu walijua yote. Susu hakujua yote. Alijua mikono aliyoishika, na watoto wale walikufa kweli, kwa sababu hakuna aliyewasikiliza moyo.

Mutua ana mvi sasa. Nikienda nyumbani tunavuka barabara pamoja hadi sokoni, naye hakubali mkono wangu wa kulia. Anaugeuza kwanza wa kushoto, anahakiki mstari kwa kidole, kisha anaushika. "Wetu," anasema, na tunavuka polepole.