Mafunzo ya Uongozi Aliyotuletea Shemeji Laurent

Mwaka 1956 shemeji yangu Laurent alipanda meli kwenda Bukavu kwenye mkutano wa viongozi. Baada ya siku tatu alirudi Goma na tai shingoni, hekima imemjaa mpaka viatu vinambana. Akakusanya wanaume wa ukoo ili awafundishe.

"Kiongozi wa kweli haamui neno bila kuuliza watu wake," alisema.

Akawauliza mmoja mmoja: shamba la marehemu kaka yake, kule Ndosho, apewe Honoré, mwanawe yeye Laurent? Waliulizwa wote, hata mlevi aliyekuwa anasinzia, na wote wakakubali. Mimi, mjane wa marehemu, niliyelima shamba hilo miaka kumi na miwili, nilikuwa nawapakulia maharage yake.

"Muzee Laurent, mimi hujaniuliza," nikasema.

"Mama, wanawake tutawauliza kwa mkutano unaofuata."

"Vizuri, muzee. Basi na shamba lingoje mkutano huo."

Wanaume wakacheka. Kiongozi wetu akakohoa, maana hakuweza kukana mafunzo yake mbele yao.

Tangu siku ile nimevuna mara mbili, na mkutano wa wanawake haujaitishwa. Mimi sina haraka nao.