Kopo la Jirani Halirudi Tupu

Mimi ni mtu wa kuweka vitu. Chini ya kitanda changu hapa Kasubi kuna makopo, vizibo vya soda, nyuzi za magunia, soksi zilizopotelewa na wenzao, na karatasi za mitihani za wanafunzi walioniandikia kwa miaka mingi kwamba wingi wa uso ni mauso. Hata hizo siwezi kuzitupa. Mama yangu alikuwa akisema akiba haiozi, nami nililishika neno hilo kwa nguvu kuliko alivyokusudia mwenyewe. Sikuzaa, kwa hiyo hakuna wa kunizuia.

Nilikuja Kampala kutoka Kakamega kufundisha Kiswahili katika shule moja ya Mengo, na miaka yote hiyo, shule ikifungwa tu, nilipanda basi la kuelekea Busia nikarudi nyumbani kwa Mama. Mkoba wangu ulijaa zawadi nilizozitengeneza kwa mikono yangu kutokana na vitu vya chini ya kitanda: vikapu vya karatasi za plastiki, vishikio vya sufuria, mpira wa matambara kwa watoto. Wengine walizipokea kwa furaha na wengine kwa adabu. Mama alizipokea zote kana kwamba nimemletea ng'ombe.

Mama alifariki mwezi wa Aprili. Kaka yangu na familia yake wakahamia kwenye nyumba. Hakuna aliyenikataza kwenda Krismasi ile, lazima niseme ukweli. Novemba nzima tulipigiana simu, tukazungumza kuhusu paa, mahindi na ada za shule, na hakuna aliyeniuliza, "Unakuja lini?" Swali hilo lilikuwa la Mama, naye hakumwachia mtu. Nami nina kiburi changu. Siendi mahali ambapo sijaitwa, hata kama ndipo nilipozaliwa.

Basi nikabaki. Nilichotaka Krismasi ile kilikuwa kitu kimoja tu, na sioni haya kukitaja sasa: nilitaka mtu mmoja aniambie, njoo ule kwetu.

Ploti yetu ni safu ya vyumba vitano, mizigo kama wanavyoiita hapa, yenye baraza moja ya saruji na bomba moja la maji. Mimi niko chumba cha tatu. Nilikata kauli kumtengenezea kila jirani zawadi, nizigawe mchana wa mkesha wa Krismasi kama tulivyokuwa tukifanya kwetu. Kwa yule mama wa watoto watatu wa chumba cha kwanza nilichora ubao wa dama kwenye boksi nene, kete zikawa vizibo vya soda, nusu vimelala kifudifudi na nusu chali. Fundi cherehani wa chumba cha pili nilianza kumshonea mto wa kuchomekea sindano kwa soksi na mfuniko wa chupa, nikaujaza vipande vya vitambaa alivyovitupa mwenyewe. Vijana wawili wa kazi ya ulinzi, wa chumba cha nne, niliwasukia zulia la mlangoni kwa nyuzi za magunia. Buti zao huleta matope mpaka kwangu, kwa hiyo zawadi ile, nakiri, ilikuwa nusu zawadi na nusu lawama.

Chumba cha tano kilikuwa cha mama mmoja mzee kutoka kaskazini, mjane wa askari polisi. Alikuwa ameishi kambini maisha yake yote ya ndoa, na Kiswahili chake alikitoa huko. Katika ploti nzima sisi wawili tu ndio tuliokuwa tukizungumza Kiswahili, maana Luganda yangu ni ya kununulia nyanya sokoni Kalerwe, haivuki hapo. Ungedhani ningemshukuru Mungu kwa ajili yake. Mimi nilikuwa nikimsahihisha. Akisema "hii kopo", nasema, "Kopo hili, mama." Alikuwa akicheka na kunijibu, "Haya mwalimu, kopo hili hii."

Mwezi wa Juni niliugua malaria, nikalala siku nne. Jioni tatu mfululizo mama huyo aliniletea mboga zilizoungwa kwa simsim, yaani ufuta, zingali moto, ndani ya kopo pana la bati lenye mfuniko wa kubana. Alikaa mlangoni mpaka nikala. Jioni ya tatu aliniachia kopo, na nilipopona nikaliosha vizuri, nikalikausha juani. Sasa kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hata kama ni chumvi, unaweka. Lakini chumvi niliiona ndogo kwa mtu aliyenilisha nikiwa siwezi kusimama. Nikasema nitalijaza kitu cha maana mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukaja na mambo yake, na uliofuata vilevile. Baada ya hapo nikaanza kuona haya, na haya zikinishika huwa sijui kuzitoa. Nikawa napita mlangoni kwake haraka, nikijifanya nimechelewa. Yeye hakuuliza. Alinisalimu tu, na chakula hakikuja tena. Nikadhani amekasirika, nami nikakasirika kwamba amekasirika. Kopo likaingia chini ya kitanda pamoja na mengine. Kufikia Desemba, naapa, nilikuwa nimesahau kwamba si langu.

Ndilo nililolichagua kwa ajili yake. Lilikuwa zuri kuliko yote, na yeye nilitaka kumpa kizuri. Nililifunika kifudifudi, nikachukua msumari na jiwe, nikatoboa matundu saba kwenye kitako ili maji yapite. Palikuwa na mikwaruzo hapo chini, nikadhani ni alama za dukani. Nikalipaka rangi ya kijani iliyobaki geti lilipopakwa, nikajaza udongo, nikapanda mujaaja, yale majani ya kutia kwenye chai, tawi nililolichuma kando ya ua wa shule. Nilijisifu sana siku ile. Nililiweka mezani nikawa nalitazama nikinywa uji.

Kitu ambacho sikukijua ni kwamba Kampala haingoji mkesha. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nikiondoka wa kwanza, kwa hiyo sikuwahi kuona ploti yetu inavyokuwa baada yangu. Mama wa watoto aliondoka alfajiri, kuku wawili ndani ya boksi, kabla sijaamka. Fundi cherehani alipita kuniaga nikiwa na soksi yake mkononi, bado haijafungwa mdomo, nikaificha nyuma yangu. Vijana walikwenda kwao bila kuaga mtu. Mchana wa mkesha nilitoka na zawadi zangu zote ndani ya boksi la chaki, nimevaa kitenge kizuri, nikakuta makufuli. Moja, mbili, na upande wa pili la tatu. Nilisimama barazani kama mchuuzi aliyekosea mtaa.

Mlango wa tano ulikuwa wazi. Yule mama mzee alikuwa ameketi nje akipepeta simsim kwenye ungo.

"Mwalimu," alisema. "Wewe hukuenda Kenya?"

"Mwaka huu sikuenda, mama. Nimekuletea kitu kidogo. Krismasi njema."

Alipangusa mikono kwenye gauni, akalipokea kopo kwa mikono miwili. Akaunusa ule mmea. "Mujaaja. Hii iko mzuri kwa chai." Kisha kidole gumba chake kikapita kwenye ukingo wa bati, kikarudi, kikapita tena. Akaliinamisha kopo, akatazama chini yake. Nilikuwa nimepaka rangi ubavuni tu, kitakoni sikupaka.

"Hii ni kopo ya mzee," alisema.

Hakupaza sauti. Mimi ndipo nilipokumbuka, yote kwa mara moja: mboga za simsim, joto la bati mikononi, yeye ameketi mlangoni.

"Alikuwa nabeba chakula ya kazi ndani yake," aliendelea. "Aliandika nambari yake hapa na msumari, kwa sababu kule kambini watu naiba kopo. Alipougua mimi nilipelekea yeye uji hospitali na hii. Watu wengine mimi napatia chakula na sahani. Lakini wewe ulikuwa mgonjwa. Mgonjwa nataka kitu moto."

"Mama, nilisahau. Naapa nilisahau kwamba ni lako."

"Ulisahau." Akayagusa matundu moja baada ya jingine, midomo ikihesabu. "Saba. Hapa ilikuwa nane ya nambari yake. Sasa ni tundu."

Nilimwambia nitamnunulia jingine, nikajisikia mjinga kabla sijamaliza sentensi. Nikamwuliza kwa nini hakuniuliza kopo lake miezi yote hiyo.

"Kuuliza kopo ni kuomba chakula," alisema. "Mimi nikasema, mwalimu atarudisha siku atapata kitu ya kuweka ndani."

Aliingia nalo chumbani, akafunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.

Siku ya Krismasi nilikwenda kanisani nikarudi kwa miguu. Njia ilikuwa nyeupe, maduka yamefungwa, hata wale vijana wa bodaboda wa kwenye kona hawakuwepo. Nilipika wali na njegere, nikafunua sufuria, nikaifunika tena. Nilifikiria kumwandikia barua ya kuomba msamaha, mimi mwenye Kiswahili kingi hivi, na sikupata sentensi ya kwanza. Maji yakimwagika hayazoleki, na bati likitobolewa halizibiki. Boksi la chaki lilikuwa kitandani na zawadi za watu wasiokuwepo. Nilimlilia Mama, ambaye angejua la kusema, na ambaye kwanza asingekaa na chombo cha mtu miezi sita. Nilikuwa mpweke. Sina njia nyingine ya kulisema. Nilijikaza kisabuni, nikaanza kupanga makopo kwa ukubwa wake, ili mikono ipate kazi.

Alasiri nikasikia hodi. Alikuwa yeye, amevaa gauni lake la kanisani, kitambaa cheupe kichwani, hana kitu mkononi.

"Mwalimu. Mimi nimepika kuku na ile mboga ya simsim. Nilitaka kuletea wewe. Lakini kopo navuja."

Sikujua kama natakiwa kucheka. Uso wake haukunisaidia.

"Miguu yako haina tundu," alisema. "Kuja ukule kule kwangu."

Nilitazama nyuma chumbani nikitafuta kitu cha kubeba. Wali ulikuwa umepoa na kushikana. Zulia lilikuwa la vijana, ubao wa dama ulikuwa wa watoto. Makopo yangu yalikuwa yamepangwa ukutani kutoka dogo hadi kubwa, yote safi, hakuna hata moja lenye kitu ndani.

"Sina cha kuja nacho, mama," nilisema.

"Mimi niliuliza wewe kitu?"

Nikavaa ndala nikamfuata. Tulipita kufuli la vijana. Kwenye dirisha lake mujaaja ilikuwa imesimama ndani ya kopo la kijani, na chini ya kopo alikuwa ameweka sahani ya bati, ili maji yanayopita kwenye matundu yasimwagike. Ndani palikuwa na viti viwili. Alisogeza kimoja kwa mguu, akaanza kupakua.

Nikaingia mikono mitupu.