Ngazi Alivyotaka Kuwa Kibete

Walimwita Ngazi tangu darasa la sita, mwaka aliowapita walimu wake wote kwa kimo, na jina likamganda. Alikuwa fundi bomba. Kutwa nzima alishinda amejikunja chini ya masinki ya watu, magoti karibu na masikio, na akimaliza, mwenye nyumba hakosi kumwambia: "Fundi, kabla hujaondoka, hebu tubadilishie na ile taa." Alikuwa na roho nzuri, hakumkatalia mtu. Alitundika mapazia, alishusha masanduku kutoka juu ya makabati, na siku moja alimtoa paka juu ya paa la banda bila hata kupanda kitu.

Starehe yake ilikuwa Jumamosi alasiri. Rafiki yake kinyozi akishafunga duka, walikaa watatu chumba cha nyuma, kati ya makatoni ya poda na taulo zilizoanikwa, wakacheza mchezo wa hadithi. Mwenzao wa tatu, mwalimu wa hesabu, ndiye aliyekuwa msimulizi: yeye alieleza safari, mapango na maadui, wenzake wakasema wahusika wao wanafanya nini, kisha dadu zikaamua kama wamefaulu. Kila mchezaji alijichagulia kiumbe wa kuwa. Kinyozi alikuwa elfi, wale watu wembamba wa msituni wenye masikio ya ncha. Ngazi alikuwa kibete wa milimani, ndevu mpaka mkandani, shoka begani.

Kinyozi hakuridhika. "Tumepigwa mara tatu kwenye daraja lile lile," alisema siku moja. "Tunahitaji jitu. Na jitu tunalo, limekaa hapa linanivunjia kiti."

"Mimi ni kibete."

"Mungu kakupa urefu wote huo, wewe unaenda kujifupisha!"

Mwalimu alicheka. Ngazi naye alicheka, ila kwa kujikaza, akakubali.

Wiki tatu akawa jitu. Daraja walilivuka Jumamosi ya kwanza, hilo hakuna aliyelibisha. Lakini baada ya hapo ikawa: "Jitu, chungulia juu ya ukuta." "Jitu, tushushie ile kengele." "Jitu, simama hapo tukupande." Jumamosi ya tatu mwalimu alieleza kwamba taa ya mnarani imezimika. Kinyozi akageuka kumtazama. Ngazi akaweka dadu mezani.

"Hata huku?" akasema, akachukua kofia yake, akaenda zake.

Mkewe, fundi cherehani, alishangaa kumwona amerudi mapema. "Vipi baba watoto, karata zimekwisha leo?" Miaka yote alidhani ni karata. Ngazi akaketi, akamweleza mambo yote, vibete, majitu na kengele, huku akingoja kuchekwa. Mkewe alikata uzi kwa meno, akauliza jambo moja tu:

"Na ukiwa kibete unajisikiaje?"

"Napita milangoni bila kuinama. Wananiuliza njia za chini ya ardhi. Hakuna anayeniambia nishushe kitu."

"Jumamosi ijayo tunakwenda wote."

Kweli wakaenda. Mama yule hata hakungoja chai. "Shemeji," alimwambia kinyozi, "hebu nieleze huyo elfi wako."

Kinyozi akachangamka. "Mwepesi, hakosi shabaha, ana nywele za rangi ya fedha, zinafika mpaka..." Wote walikuwa wakikitazama kichwa chake, kinachong'aa kama sahani iliyooshwa. Nywele zilimkimbia akiwa na miaka ishirini na sita, ndiyo kwanza amefungua duka.

"Mpaka wapi, shemeji?"

"Kiunoni," alisema kwa sauti ndogo. "Huwa nazisuka kabla ya vita."

Mwalimu aliangua kicheko mpaka miwani ikamtoka. Kinyozi alijitahidi kununa, akashindwa, akacheka kuliko wote. "Haya, Ngazi," alisema akipangusa machozi, "rudi kwenye ndevu zako. Yameisha."

Jitu likastaafishwa palepale, likapewa kazi ya kulinda daraja, pamoja na nyumba ya kuishi yenye dari ya juu sana. Mwalimu akamgeukia mgeni. "Na wewe, shemeji, utakuwa nani?" Akamtajia viumbe wote.

"Binadamu."

"Binadamu hana kipaji chochote! Hapa hajawahi kuchaguliwa."

"Ana cherehani?"

"Hana."

"Basi huyohuyo."

Alasiri ile mwalimu aliwapitisha katika handaki chini ya mlima. Elfi alitambaa, nywele zikinasa utando wa buibui, jambo ambalo mwalimu alilieleza kwa kirefu kupita kiasi. Binadamu alimfuata akilalamikia magoti. Kibete alitangulia na mwenge, akitembea wima.

"Inama, kuna jiwe!" kinyozi alimpigia kelele kwa mazoea.

"Halinifikii," Ngazi alijibu, akarusha dadu, miguu yake imenyooka mpaka ng'ambo ya meza.