Jicho la Mkwe

Ukitaka kunikasirisha, niulize kama mimi ni binti wa yule mzee wa Iyunga aliyekuwa akipiga picha wadudu. Ndiyo, ni mimi, Lea, mtoto wa Asukile. Haya, kuna lingine? Watu wanacheka kidogo, kisha wanashusha sauti: "Yule aliyemfukuza mkwewe kwa picha." Hapo ndipo damu inaponichemka. Baba hakumfukuza mtu. Ngoja niyaseme yote mara moja, halafu asinisumbue mtu tena.

Baba alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja kule Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu. Kazi ya Mzungu huyo ilikuwa kuchunguza mawe, na aliyapiga picha kwa karibu mpaka chembe zake zikaonekana. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini alifunga virago kurudi kwao, akamwachia baba kamera yake. Lilikuwa sanduku jeusi la kushikia tumboni. Unainamisha kichwa unachungulia kwa juu, kama mtu anayetazama ndani ya chungu. Mbele palikuwa na kioo cha ziada cha kukuzia mawe, nacho kilikuwa kimeganda kwa kutu. Baba alikipaka mafuta ya taa, akakivuta kwa koleo, akakiombea. Wapi! Kwa hiyo kamera ile haikuona vizuri kitu chochote kilichopita urefu wa mkono. Majirani walikuja wamevaa makoti na tai, wakatokea kwenye picha kama ukungu wa mlima Loleza. Wakamcheka, wakaacha kuja.

"Basi," baba akasema, "kama haitaki watu, nitaipa wadudu."

Filamu alizipeleka kwa Kalinga, Mhehe wa Iringa aliyekuwa na studio mjini Mbeya. Kalinga alikuwa na neno moja tu. "Safi sana, mzee! Safi!" Panzi hana kichwa, safi. Kipepeo amekuwa doa jeusi, safi. Filamu si aliuza yeye? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na baba alikaa msimu mzima akipiga panzi wasio na vichwa huku akitembea kifua mbele.

Kisha kaka yangu Jailos akaoa, akamleta Tusajigwe.

Hapa lazima nieleze, maana wageni hawatujui. Kwetu Wanyakyusa mke wa mwana hamwoni baba mkwe wake. Sisemi hamkodolei macho. Nasema hamwoni kabisa. Akisikia anakuja njiani, anaingia migombani na kujifunika kanga mpaka apite. Jina lake halitamki. Hawalali chini ya paa moja wala hawasemi neno uso kwa uso. Hiyo ndiyo heshima, na wanasema anayeivunja huleta ugonjwa kwenye uzazi. Sisi tulikuwa Wakristo, baba mzee wa kanisa na Jailos akisomea uinjilisti, lakini mwiko huo tulibatizwa nao.

Siku moja Tusajigwe alikuja jikoni kwa mama, baba akiwa shamba, akakuta picha imeachwa mkekani. Ilikuwa ya mbawakawa kwenye jani la kahawa. Akaitazama, akacheka.

"Mama, huyu mdudu anakimbia au anakata roho? Mbona miguu yake kama moshi?"

Jioni mama, jina lake Sekela, alimsimulia baba kama kichekesho. Baba akaacha kula.

"Amesema kama moshi?"

"Ndivyo alivyosema. Mtoto tu yule, Baba Jailos, usimjali."

"Nisimjali? Ni moshi kweli!" Akaichukua picha, akaiweka karibu na taa. "Sekela, miaka yote hii nadanganywa na Kalinga. Sasa nimepata mtu."

Tangu hapo nyumba yetu ikawa na kazi mpya. Picha zilivuka migomba hadi kwa Jailos kwenye ungo wa mama, na maneno ya Tusajigwe yakarudi kwa njia hiyohiyo. Alisema kamera inatetemeka. Baba akawa anaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Alisema wadudu wanakatwa vichwa; baba akachunguza akakuta tundu la kuchungulia liko juu ya jicho lenyewe la kamera, kwa hiyo kila anachokiona yeye, kamera inakiona kwa chini kidogo. Alisema, "Mdudu amepotea kwenye majani. Nyuma yake patafutwe mahali palipotulia." Na neno lililomsumbua baba kuliko yote lilikuwa hili: "Bawa moja ni zuri, lililobaki limelala usingizi. Kwa nini asiamke wote?"

Baba alimwendea Kalinga, safari hii kwa ukali. "Usiniambie safi. Niambie kwa nini mdudu wangu hajaamka wote."

Kalinga akacheka, lakini akamwonyesha kishikio kidogo ubavuni mwa kamera ambacho baba alidhani kimevunjika. Ukikivuta, tundu la mwanga linakuwa dogo kama la sindano, na hapo vya mbele na vya nyuma vyote vinaonekana vizuri. Ila unahitaji muda mrefu, na mdudu asitikisike.

Mama alilalamika. "Mimi nimeolewa au nimeajiriwa posta?" Lakini alikuwa akifurahi, nilimwona. Baba alipopata sifa ya Tusajigwe, hata ndogo, alitembea siku nzima akipiga mluzi wa nyimbo za Pasaka. Watu wawili ambao hawajawahi kuonana walikuwa wameshikana mkono kupitia kwenye ungo. Nami nasema wazi, mimi binti yake wa kumzaa nilimwonea wivu wifi yangu. Baba hakuwahi kuniuliza naona nini.

Basi Kalinga akasema anakwenda kwao Iringa kwenye maonyesho ya kilimo, na kutakuwa na ukuta wa picha. Angeweza kupeleka moja ya mzee. Baba hakulala vizuri tena. Mpishi wa Mzungu wa mawe, mtu aliyechekwa na Iyunga nzima, jina lake ukutani Iringa! Ila alitoa sharti lake mwenyewe: "Itakwenda ile atakayosema mkwe wangu kwamba haina kosa. Bila hivyo haiendi."

Ilikuwa Julai, baridi ile ya kwetu ya kukata masikio. Asubuhi za namna hiyo kereng'ende huganda kwenye majani, ana umande mpaka kwenye macho, hawezi kuruka mpaka jua limpashe moto. Baba alimkuta mmoja kwenye unyasi ulioinamia dimbwi la kijito. Nyuma yake hapakuwa na majani ya kumpoteza, palikuwa na maji tu, yametulia. Alishuka na kinu chake, akakizamisha topeni mpaka kikasimama, akaweka kamera, akavuta kile kishikio. Kila alichofundishwa alikitenda. Akainama juu ya kamera, akabana pumzi.

Kalinga aliisafisha na kuikuza, akasema safi sana, na kwa mara ya kwanza hakuwa akidanganya. Ungeweza kuhesabu mishipa ya mabawa. Baba aliitazama mpaka machozi yakamlenga. Alimtazama kereng'ende, na hakutazama kitu kingine. Mama naye vilevile. Ugonjwa wa wapiga picha wa wadudu ndio huo, wanamwona mdudu tu.

Mama akaiweka kwenye ungo, akavuka migomba. Nilimfuata, nilitaka kusikia kwa masikio yangu. Tusajigwe alikuwa uani akimenya maharage na wanawake wa kanisa, pamoja na mke wa baba mkubwa Saulo, kaka yake baba. Tumbo la Tusajigwe lilikuwa limeanza kuonekana. Alifuta mikono, akaichukua picha kwa kingo, akaisogeza karibu na macho kama alivyozoea.

"Ndaga, mama, asante," akasema taratibu. "Ameamka wote. Hana kosa." Akaendelea kutazama. "Ila huyu mzee aliye ndani ya maji ni nani? Ana uso mzuri. Mbona anatazama kama mtu anayeogopa kugombezwa?" Kisha akatabasamu. "Halafu anafanana na Jailos!"

Mungu wangu. Nikainama kuangalia. Chini ya kereng'ende, ndani ya maji yaliyotulia, baba alikuwa ameinama na kofia yake, paji la uso, pua, midomo iliyobana pumzi. Lile tundu dogo halikuchagua. Lilimwamsha kereng'ende, likamwamsha na baba.

Tusajigwe hakumtambua kwa sababu hakuwahi kumwona. Alielewa kwa kutazama nyuso zetu. Akajifunika kanga kichwani, lakini ya nini tena? Mke wa Saulo aliinuka na maharage yakamwagika kutoka mapajani mwake. "Mwe! Amemtazama mkwewe! Na tumbo hilo!" Kabla ugali wa mchana haujaiva, Iyunga nzima ilikuwa inajua.

Baba mkubwa Saulo alikuja na wazee wa ukoo. Mama akajaribu: "Shemeji, ni karatasi. Ni karatasi tu."

"Karatasi ina macho?" Saulo akasema. "Ina pua? Basi ni mtu. Amemwona, na amemsifia uso mbele ya wanawake." Hukumu ikatoka: tambiko lifanywe, ng'ombe achinjwe, dawa inywewe, na mkwe asafishwe. Bila hivyo asikae kwenye boma la ukoo, maana mtoto hatapona.

Wazee wa kanisa nao wakaja, wenzake baba wa benchi moja. Wakasema atakayegusa tambiko ametengwa na meza ya Bwana, yeye pamoja na nyumba yake. Niliwapelekea chai, nikatamani niwamwagie. Hao hao wake za wana wao walikuwa wakijificha migombani kila Jumapili baada ya ibada! Mwiko waliufuga nyumbani, dawa ya mwiko wakaiita dhambi. Sasa mtu atoke wapi?

Baba hakusita. "Nitafanya tambiko," akasema. "Nitengwe. Tusajigwe abaki." Kwanza aliichukua picha na filamu yake, akavitia kwenye moto wa jikoni mbele ya Saulo ili ajue hana mzaha. Iringa ikaishia hapo, kwenye moshi. Hakuitaja tena.

Aliyekataa ni kaka yangu. Jailos! Alisimama mlangoni na Biblia yake kwapani. "Baba, nyumba yako ikitengwa, uinjilisti wangu umekwisha."

"Na mkeo?"

"Atakwenda kwao Tukuyu kidogo, mpaka mambo yatulie."

Baba alimtazama kama anatazama mtu wa mbali. "Yeye amekosa nini, Jailos? Nilimwomba mimi atazame."

"Hata mimi simlaumu," Jailos akasema. Na alikwenda kufunga mizigo ya mkewe ambaye hamlaumu. Akufukuzaye hakwambii toka. Tusajigwe aliondoka amejifunika, akapita nyuma ya nyumba yetu kwa heshima ileile, na baba akajifungia ndani kwa heshima ileile. Hata kwaheri hawakuweza kuambiana.

Mtoto alizaliwa Tukuyu amekufa. Wangapi huzaliwa hivyo nchi hii bila picha wala kereng'ende? Lakini Saulo akasema, "Niliwaambia," na wazee wa kanisa wakasema ni adhabu kwa kufikiria tambiko. Kila upande ulipata ushahidi wake kwenye kaburi lile dogo. Baba yake Tusajigwe hakungoja mambo yatulie, akarudisha ng'ombe wa mahari, na ndoa ikavunjika. Jailos akawa mwinjilisti. Anahubiri vizuri, watu wanalia. Mimi huwa natoka nje.

Baba aliacha kupiga picha. Sikumwona akilia, lakini alizeeka kwa mkupuo. Siku moja, ndoa ikiwa imeshakufa kitambo, nilikwenda naye sokoni Mbeya kununua maharage ya mbegu. Tulisimama mbele ya mwanamke mwenye beseni. Alipoinua uso, nikamtambua mara moja. Baba hakumjua. Angemjuaje?

"Hujambo, Lea," Tusajigwe akasema. Kisha akamgeukia, akamtazama machoni. "Shikamoo, mzee."

Baba alijua kwa namna nilivyomshika mkono. Akageuza uso haraka, akataka kuondoka, akajikwaa kwenye gunia la mtu.

"Usinikimbie," Tusajigwe akasema bila kupandisha sauti. "Mimi si mkwe wako tena. Naruhusiwa kukuona."

Baba akasimama. Akasema, "Nilitaka tu uitazame, mama. Sikujiona mle ndani."

"Najua, mzee. Hata mimi sikukuona. Niliona mtu tu." Akaendelea kumtazama usoni, polepole, kila mahali, jinsi alivyokuwa akitazama picha. Nilingoja aseme neno, na baba pia alingoja. Tusajigwe akatupimia maharage, akaongeza kiganja kimoja cha juu kama wanavyomwongezea mteja yeyote, akamgeukia mtu aliyekuwa nyuma yetu.