Msumari wa Bati Ndani ya Injini ya Kanisa

Siku wazee walipomfukuza baba yangu gerejini, ushahidi wa kumwokoa ulikuwa umelowa oili ndani ya gari lilelile walilomfukuzia.

Niliutoa kwa mikono yangu. Nikiwa nimevaa suruali. Mbele ya kanisa zima.

Tuelewane mapema: hapa hakuna binti mpole.

Ilikuwa Jumapili, Mei 1972, Kebirigo, kanisa letu la Sabato limekusanyika kwa kazi za kiwanjani. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, diploma ya ualimu, na ulimi ambao mama aliuombea kila jioni.

Baba yangu, Tata Angwenyi, alikuwa fundi wa magari. Gereji yake ilikuwa kibanda cha mabati kwenye kiwanja cha kanisa. Nilimshikia spana kabla sijajua kusoma.

Sasa gari la kanisa lilikuwa limeanza kugonga. Taa nyekundu ya oili iliwaka, ikakataa kuzimika.

Mzee Jethro, mtunza gari, akasimama mbele ya wazee wenzake.

"Angwenyi ndiye aliyeifungua injini hii. Arudishe ufunguo wa kibanda leo, na asiliguse gari hili tena."

"Niliifungua Januari," Tata akasema. "Ikatoka nzima."

"Basi nani mwingine? Malaika?"

Watu wakacheka. Tata akatoa ufunguo mfukoni. Akaunyoosha kwa mkono wenye oili kwenye kucha.

Ule mkono! Mkono uliofufua malori kutoka Nyansiongo mpaka Ogembo!

Nikaingia kibandani. Nilipotoka, nilikuwa ndani ya ovaroli yake, miguu nimeikunja mara tatu.

"Wewe binti, unaenda wapi?" Jethro akafoka.

"Chini ya gari."

"Tumesema Angwenyi asiliguse!"

"Mimi naitwa Nyanchera."

Nikafungua boneti.

Nikachomoa fimbo ya kupimia oili. Imejaa. Nikafungua swichi ya oili, ile inayowasha taa nyekundu, ubavuni mwa injini, pakabaki tundu wazi.

"Mzee Jethro, wewe ndiye mtunza gari. Zungusha injini kwa hendeli."

Akazungusha mpaka kola ikalowa jasho. Oili ilipaswa kutoka pale. Haikutoka hata tone.

"Pampu haisukumi," nikatangaza.

Nikamwaga oili kwenye karai, nikashusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nikalala chali.

"Zungusha tena, mzee."

Hapo nikaiona. Kuna gia ndogo inayozungushwa na injini, nayo huzungusha shafti ya pampu. Pini moja ya chuma kigumu huzifunga pamoja.

Gia ilizunguka. Shafti ilisimama tuli.

Nikaitoa pampu. Mahali pa pini palikuwa na kipande cha msumari wa bati, kimekatika katikati.

"Si nilisema!" Jethro akaruka. "Kazi ya Angwenyi hiyo!"

Mama akafunika uso kwa kitambaa chake. Mimi nilikuwa naangalia kitu kingine.

Pampu ilikuwa imefungwa kwa gasketi ya kuzuia mvujo, iliyokatwa kwenye karatasi ngumu ya samawati. Nikaifuta kwa kidole, nikasoma kwa sauti yangu ya darasani:

"Masomo ya Sabato. Aprili hadi Juni, 1972."

Tata alifungua injini Januari. Karatasi ya Aprili iliingiaje humo?

Bitutu, mke wa Jethro, akasogea. "Hebu nione, mwalimu."

Akaishika. Akamgeukia mumewe, akatia mkono mfukoni mwa koti la mzee, akachomoa kitabu cha masomo.

Hakikuwa na jalada.

Akaweka kipande kwenye mchaniko. Kikakaa sawasawa.

"Kumbe!" Bitutu akapiga kofi. "Baba Ombui, mume wangu! Sabato ile ulisema tumbo linakuuma, tukakuacha nyumbani na gari! Tumbo lilikuwa na spana?"

Nyasae, Mungu wangu! Kanisa zima likaangua kicheko. Hata mchungaji alijikohoza.

Jethro akatazama viatu vyake. "Kila siku ni Angwenyi, Angwenyi. Nilitaka waone kwamba hata mimi naweza. Pini ikanipotea, nikatia msumari."

Tata akarudishiwa ufunguo palepale. Aliokota spana niliyoiacha chini, akaifuta, akanipa tena.

Nikadhani yameisha.

Wazee wakakaa tena, safari hii kwa ajili yangu. Nimevaa suruali. Nimelala chali mbele ya wanaume. Nimemwaibisha mzee hadharani. Jethro wakamwombea, mimi wakaniandikia barua: niombe msamaha.

Barua ilikuja mara tatu. Mara zote nilisahihisha makosa ya Kiswahili kwa wino mwekundu, nikairudisha.

Wewe unayesoma, wakikuharibia jina la kazi yako, usibembeleze. Shusha sampu, waone wenyewe.

Na kuhusu ule msamaha: sikuuomba. Siuombi. Ovaroli ninayo hadi leo.