Matanuru mawili ya Mama Clotilde yaliyotozwa kodi ya nyumba

Saa moja asubuhi, Clotilde Mwaba anabomoa nyumba ya wageni kwa mikono yake mwenyewe. Anaanzia juu. Anachomoa tofali, analigonganisha na jingine, anatega sikio. Likilia kama sahani ya bati, linapakiwa kwenye lori la mteja. Likijibu kinyonge kama mkate mkavu, linatupwa pembeni.

Hakuna mgeni aliyewahi kulala humo, na angelala angetoka ameiva. Ni tanuru la kuchomea matofali. Ila mwishoni mwa mwaka jana, kwenye karatasi za kodi, tanuru hili lilikuwa nyumba. Na ndugu yake wa pili, pale nyuma, alikuwa ghala la kupangisha.

Mama Clotilde, mwenye miaka hamsini na miwili, anafyatua matofali kando ya barabara ya Kinsevere, kaskazini mwa Lubumbashi. Udongo anautoa kwenye kichuguu kilichomo ndani ya kiwanja chake, kikubwa kuliko nyumba anayoishi. Majirani humtania kwamba mchwa wanasaga, yeye anakula.

Tanuru hupangwa matofali mpaka likampita mtu kimo, likasiribwa tope nje ili joto lisitoroke, na chini yake huachwa midomo miwili ya kutilia kuni. Kwa mbali, mvua ikinyesha, mtu anaweza kuapa kwamba ni nyumba yenye milango mifupi. Hasa akipata wa kumsaidia kuapa.

Msaidizi huyo alikuwa Anaclet, mume wa Clotilde, mstaafu wa reli.

Oktoba, mvua za kwanza zilipoanza, Clotilde alikuwa msibani Mokambo. Ndipo alipofika Jephté, kijana wa ofisi ya kodi, na futi yake ya kupimia. Upande huu wa migodi, mtu mwenye futi haulizwi ametoka wapi. Watu hujijibu wenyewe: ni kampuni, inataka kuhamisha watu, na anayehamishwa hulipwa kwa kila nyumba yake. Siku kama hiyo, hata banda la kuku hupandishwa cheo.

"Ile kule ni nini, papa?" Jephté aliuliza akiwa barazani.

"Ile njo nyumba ya bageni," Anaclet akajibu bila kupepesa. "Na ile ingine dépôt. Naikodishaka."

"Iko na carreaux?" kijana akauliza, akimaanisha vigae vya sakafuni.

"Yote mbili."

Tope lilikuwa zito na viatu vya Jephté vilikuwa vipya. Akaandika palepale barazani, Anaclet akatia sahihi, wakaagana kwa heshima.

Mwezi uliofuata ikaja karatasi ya kodi ya nyumba tatu: dola mia moja na sabini, karibu faida yote ambayo tanuru moja humwachia Clotilde.

"Nilimuuliza: Anaclet, bageni gani?" anasimulia. "Akashika shoka, akaenda kupasua kuni. Tangu anioe, shiyamuona bado anapasua kuni bila kutumwa."

Wapo waliomshauri alipe yaishe. Akakataa. Asiyelipa anaweza kunyang'anywa kiwanja, na kiwanja kikienda, kichuguu kimekwenda nacho, na kazi pia. Lakini akilipa mara moja, atalipa kila mwaka.

"Na bandugu ba famille bakisikia niko na nyumba tatu," anaongeza, "batakuya wote kuomba chumba."

Akapanda mjini kupinga. Mkuu wa ofisi, Madame Daniella, akamwonyesha karatasi.

"Mama, bwana yako njo alisema. Sahihi yake iko hapa."

"Njo maana nimekuya naye."

Anaclet alikuwa ameketi nyuma kabisa, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Clotilde hakumsemea. Alimngoja asimame; mzee akasimama, kofia mkononi.

"Tulizani ni ba kampuni, madame," alisema. "Bale ba kulipa."

"Kulipa nani?"

"Siye."

Ofisi nzima ikacheka, mlinzi wa mlangoni akiwemo. Madame Daniella hakucheka.

"Papa, unajua ni bantu wangapi banakuyaka hapa kusema nyumba yao haiko nyumba?"

Hoja yake ilikuwa na uzito. Akaamuru Jephté arudi akaone kwa macho yake, na safari hii asibaki barazani.

Jephté alirudi na mabuti ya mpira. Jua lilikuwa limewaka siku kadhaa, na Clotilde alikuwa ameliwasha tanuru la mbele tangu jana yake. Midomo yote miwili ilikuwa ikitema moto.

"Karibu, mutoto yangu," akamwambia. "Bageni banaingiaka na mulango ile."

Jephté alisogea kidogo, akasimama, akajipangusa uso.

"Nimeona, mama."

"Haujaona. Pima kwanza carreaux."

Hakupima. Aliandika upya huku akila kiazi kitamu kilichochomwa kwenye makaa ya tanuru hilohilo. Kabla ya kuondoka, akaongeza kwenye karatasi baraza, ambalo mara ya kwanza hakuna aliyekumbuka kulihesabu. Clotilde alijaribu kulitetea.

"Baraza ni nyumba, mama, hata ukicheka."

"Pale alinishinda," anakiri. "Ile nitalipa. Iko yangu kweli, na kivuli yake naikaliaka."

Jibu la ofisi lilitoka wiki iliyopita: nyumba moja, pamoja na baraza. Ndiyo maana leo tanuru linaweza kubomolewa bila mtu kudai kwamba mama anavunja nyumba ili akwepe kodi.

Matofali ya hili la mbele yote yana mwenyewe. Ya lile la nyuma hayauzwi. Kiangazi kijacho Clotilde atayatumia kujenga kando ya barabara vyumba viwili vyenye madirisha na mabati, awapangishe wafanyakazi wanaokwenda mgodini. Kodi yake, anasema, ataipeleka mwenyewe kabla ya kuitwa.

Anaclet, anayepokea matofali kule chini, anainua kichwa. "Na mbele tunaweka carreaux ya—"

"Beba," mkewe anamwambia.

Kisha anageuka, anagonga tofali lingine, na linalia vizuri. "Siku bakikuya kupima, nitamupa huyu bwana yangu mahindi ya kuchoma. Atafune, asijibu kitu, mpaka bamalize."